Niliposema Nimeshiba

Wewe uliyekaa karibu na mlango, sogea mbele kidogo, maana habari hii siwezi kuisema kwa kupaza sauti. Na ninyi wawili mnaosafiri wiki ijayo, nisikilizeni kuliko wengine wote. Nimetoka Runazi kuja hapa Kibimba kwa ajili yenu.

Nilipokuwa kidato cha tano, kanisa letu lilinichagua niende Denmark kusoma muhula mmoja na kukaa na familia ya huko. Nilirudi salama, mnaniona. Lakini palikuwa na siku ambayo karibu nirudishwe kabla ya wakati, na leo nataka mwelewe ilikuwaje.

Ili mwelewe, lazima nianze na habari ya paja langu. Msicheke. Nilipokuwa mdogo, tulikuwa tukipita kwa jirani wakati wa chakula, mama na mimi. Jirani anasema, "Karibuni, tunakula." Mimi macho yangu yapo kwenye maharage. Mama ananifinya paja, halafu anasema, "Asante, tumeshiba."

"Mmeshiba wapi? Njooni mkae."

"Kweli, tumetoka kula sasa hivi."

"Sasa mnanitukana. Kaeni chini!"

Hapo ndipo tunakaa, tunanawa, tunakula. Ninyi mnajua. Anayekubali mara ya kwanza huonekana amekuja kwa ajili ya sufuria. Jambo hili hatukufundishwa darasani, tulifundishwa pajani.

Basi nikafika Denmark. Nyumba ilikuwa na baba, mama, na binti yao wa miaka kama kumi. Walikuwa watu wapole. Jioni ya kwanza wakapika nyama na viazi. Nikapakuliwa kidogo, nikala taratibu kama mgeni. Yule mama akaniuliza, "Unaongeza?"

Nikasema, "Asante, nimeshiba."

Akatabasamu, akafunika bakuli, akalitia kwenye friji. Ndugu zangu, nawaambia, niliufuata ule mlango wa friji kwa macho mpaka ulipofungwa. Nilikuwa nimesafiri mchana kutwa na njaa inaniuma. Nikajisemea, labda amesahau kuuliza tena. Kesho atakumbuka.

Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa pia. Asubuhi kila mtu alijikatia mkate wake mweusi na kutoka. Yule mama alinionyesha makabati yote, akasema, "Chukua chochote unachotaka, hapa ni kwenu." Mimi nikasikia maneno ya adabu tu, kama tunavyomwambia mpita njia "karibu chakula" huku tunaendelea kula. Ningewezaje kufungua kabati la mtu? Kwetu ukikutwa unafunua sufuria ya wenyewe, habari hiyo itafika kwenu kabla yako.

Tukishakula, nilikuwa napanda chumbani na kufunga mlango. Mgeni haketi kwenye mazungumzo ya wenye nyumba mpaka aitwe. Nikawa nasubiri kuitwa. Ningekuwa Runazi, mtu angekwisha kugonga: "We, unaumwa? Toka huko!" Kule hakuna aliyegonga. Nilikaa kitandani nawasikia wakicheka chini, baba na mama na mtoto wao, nikadhani wanacheka kwa kuwa sipo.

Baridi ilipoingia, jua likawa linazama hata kabla sijatoka shule. Nyumbani siku inaanza kwa kuulizana umeamkaje, na swali hilo lina jibu na jibu lina swali jingine. Kule neno moja likitosha, mtu anapita. Nikaanza kujisalimia mwenyewe kwenye kioo cha bafuni. "Mwaramutse," nasema kama bibi yangu alivyokuwa akitusalimu kila asubuhi, kisha najijibu. Siku nilipogundua kwamba hiyo ndiyo sauti pekee iliyoniuliza habari ya usiku wangu, nilikaa chini sakafuni nikashindwa kwenda shule kwa wakati.

Mama alinipigia simu. "Wanakulisha?"

"Wananilisha, mama."

"Mbona sauti imekonda?"

"Ni mtandao."

Ningemwambia nini? Kwamba nimezungukwa na chakula na nina njaa? Kwamba nimezungukwa na watu na sina mtu?

Kisha siku moja mlezi wa wanafunzi wageni akaniita shuleni. Akaniambia polepole, kwa huruma, "Familia yako imeomba uhamishwe. Wanasema huli chakula chao na hutaki kukaa nao. Wanaona huna furaha kwao, na hawataki kukulazimisha. Nimetafuta nyumba nyingine, sijapata. Huenda ikabidi urudi Tanzania. Jumamosi nitakuja nyumbani tuzungumze wote."

Mimi ndiye niliyedhani hawanitaki!

Jumamosi tukakaa mezani, mlezi, baba, mama, binti, na mimi. Kulikuwa na kahawa na keki. Macho ya yule mama yalikuwa mekundu. Kabla ya kuanza, akanisogezea sahani. "Keki?"

Na mdomo wangu, bila kuniuliza, ukasema, "Asante, nimeshiba."

Wote wakainamisha vichwa. Akaanza kuirudisha ile sahani. Nikajua ikifika upande wake wa meza, mimi nimeshaondoka. Nikasema, "Naomba uniulize tena."

Akanitazama. "Keki?"

"Hapana, asante. Niulize tena."

Binti yao akamwangalia mama yake, akaniangalia mimi. Yule mama akasema kwa sauti ndogo, "Keki?"

"Ndiyo," nikasema. "Ndiyo, nataka. Nina njaa. Nina njaa tangu nilipofika." Nikalia kwa sauti mbele ya wenyeji wangu, jambo ambalo nalo mama angenifinya.

Nikawaeleza yote: jirani, maharage, paja. Yule mama aliweka mkono mdomoni. "Tangu ulipofika?" alirudia. Baba, ambaye hakuwa mtu wa maneno, akauliza, "Na mlango wa chumba?"

"Nilikuwa nasubiri mgonge."

Akatikisa kichwa. "Sisi tulikuwa tunasubiri ufungue. Hapa mlango uliofungwa tunauheshimu."

Hivyo ndivyo tulivyoishi, ndugu zangu. Nyumba nzima ya watu wanaoheshimiana mpaka karibu tuachane.

Sikuhamishwa. Tangu jioni hiyo yule binti akawa ananiuliza kila kitu mara tatu. "Chumvi? Chumvi? Chumvi?" Baba yake naye akipanda ngazi anagonga mlango wangu mara tatu, hata ukiwa wazi.

Sitawadanganya kwamba upweke uliisha siku hiyo. Njaa huisha kwa sahani moja, upweke hauna haraka hiyo. Jumapili nyingi nilitazama theluji dirishani nikalitamani vumbi la Runazi. Lakini nilitazama nikiwa sebuleni, na mtu amekaa pembeni yangu.

Nawashukuru watu wa nyumba ile. Namshukuru mlezi aliyekuja kutukalisha pamoja badala ya kuamua peke yake. Nalishukuru kanisa. Na mama yangu, yule pale dirishani anayejifanya hasikii, sikuja kumshitaki. Alinifundisha vizuri kwa kwetu.

"Ningekufinya zaidi!"

Mmemsikia. Lakini hata yeye alipata somo. Mwaka uliofuata yule binti alikuja kwetu na wazazi wake. Mama akambembeleza ugali mara tatu, mtoto akakataa mara zote tatu, mama akaninong'oneza, "Ametudharau." Masikini, mtoto alikuwa ameshiba kweli! Kwa hiyo wazazi mtakaopokea wageni kutoka kule, wao wakisema wameshiba, aminini.

Na ninyi wawili: jioni ya kwanza, mkiulizwa kama mnaongeza, na bado mna njaa, semeni "Ndiyo, naongeza." Halafu mkipanda kulala, acheni mlango wazi kidogo.