Saba Isiyofungwa Mkanda

Ndugu waombolezaji, mliokaa na mliosimama, na ninyi mlio nje ya geti kwa sababu ndani pamejaa, familia imemtuma mdogo wake marehemu, ambaye ndiye huyu anayewasomea, aeleze kwa ufupi maisha ya kaka yake, ingawa kwa ufupi haitawezekana, na wanaomfahamu msomaji wanajua kwamba hakuchaguliwa kwa upole wake.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Aprili 1958, mtoto wa kwanza wa baba mlinzi wa ghala na mama mfua nguo, katika chumba cha kupanga chenye dirisha moja, chumba ambacho familia ilitolewa akiwa na miezi mitano kwa sababu mwenye nyumba alipata mpangaji wa kulipa zaidi, wakaenda kingine, kisha kingine, hata alipofikisha miaka kumi mama alikuwa ameacha kufungua baadhi ya mizigo, akisema ya nini kufungua kitu ambacho kesho utakifunga.

Elimu ya msingi aliianza Januari 1966 na kuimaliza mwaka 1972, na huko ndiko alikopata jina ambalo wengi wenu hamjui lingine zaidi yake, kwa sababu akiwa darasa la nne mwalimu wa hesabu alimkosesha maswali matatu kwa madai kwamba saba zake zinasomeka moja, akachapwa kwa majibu yaliyokuwa sahihi, na tangu siku hiyo hakuandika tena saba bila kuipiga kistari katikati, akisema saba isiyofungwa mkanda suruali yake itaanguka na watu wataiita moja, ndipo wenzake wakamwita Mkanda, na alipokuwa fundi akawa Fundi Mkanda.

Kazi aliianza mwaka 1974 katika karakana ya mabango, ambako aliosha brashi za wenzake miaka mitatu kabla ya kuruhusiwa kushika ya kwake, akajifunza kupiga mistari kwa uzi wa chaki na kuandika herufi iliyosimama wima hata kwenye ukuta uliopinda, na mwaka 1981 akajitegemea, akiwa na ngazi moja ya mbao na makopo manne ya rangi, na kwa miaka arobaini na moja iliyofuata maandishi mengi mliyoyaona kwenye kuta za mji huu ni mkono wake, yale ya maduka, yale ya onyo la mbwa mkali mahali ambapo hakuna hata paka, na zaidi ya yote yale ya INAUZWA, IMEUZWA na NYUMBA HII HAIUZWI, na haya ya mwisho ndiyo yaliyomchekesha, akisema nyumba isiyouzwa kweli haina haja ya kuandikwa, ukiona imeandikwa ujue ndani kuna ndugu wawili hawasalimiani.

Lakini kabla hajajitegemea lilitokea jambo ambalo bila hilo hamtaelewa mengine, nalo ni kwamba tarehe 17 Agosti 1979 baba yetu alifariki, na mwenye nyumba wa wakati huo akaja asubuhi, akatoa pole kwa mdomo wa juu juu, kisha akasema uani kwake hapatakaa msiba, wapangaji wengine watasumbuka, hivyo baba akatokea uani kwa jirani kwenda makaburini, kwa hisani, watu wakikalia viti vya kuazima kwenye nyumba ambayo hakuwahi hata kuingia, na kaka yetu, akiwa kijana wa miaka ishirini na moja, akasema neno ambalo alilirudia mpaka tukalichoka, kwamba yeye akifa atatokea kwake.

Tarehe 22 Novemba 1986 alifunga ndoa na shemeji yetu huyu, mpishi wa shule, wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1988, ambaye amerithi brashi, na mvulana aliyezaliwa mwaka 1993, ambaye ni dereva wa malori, na ndugu zangu, kama kuhangaika kungekuwa kunalipwa, mtu huyu angekuwa na mtaa mzima.

Maana fikirini, fundi wa kuandika INAUZWA ndiye mtu wa kwanza kabisa kujua kwamba nyumba inauzwa, anajua kabla ya madalali, anajua kabla ya jirani, na bado mwaka 1997, alipoandika ukuta wa nyumba yenye geti la bluu nyuma ya tangi la maji, akashuka kwenye ngazi na kumwambia mwenye nyumba kwamba naitaka mimi, wakapeana mikono, akaambiwa aje Alhamisi na karatasi, Alhamisi akafika na karatasi akamkuta mtu mwingine anabadilisha vitasa, na mwenye nyumba, bila haya, akamwomba, kwa kuwa uko hapa fundi, tubadilishie hayo maandishi, naye akapanda akafuta NA akaandika ME, ikawa IMEUZWA, akalipwa kwa herufi mbili, akarudi nyumbani hakula.

Mwaka 2004 ikawa nyumba ya vyumba viwili na kibaraza, watu sita wakaitwa kuiangalia saa moja ile ile, wakapishana mlangoni kama wako kwa daktari, bei ikapanda mara tatu kabla ya jua kutua, na shemeji yetu alikuwa amekwisha kupima dirisha na kununua mapazia, yale ya kijani yenye maua, ambayo yalikaa kwenye sanduku miaka kumi na minane, na ndiyo hayo yaliyoko sebuleni leo, mtayaona ni mafupi kidogo kwa sababu dirisha si lile.

Mwaka 2011 ndipo dalali mmoja, ambaye tunaambiwa amefika leo na hana haja ya kujificha nyuma ya wenzake, msiba ni wa wote, alipomwonyesha nyumba tupu, akampa na ufunguo, Jumamosi kaka yetu akafika getini akakuta wanaume wengine wawili, kila mmoja na ufunguo wake, na funguo zote tatu zikafungua, ila mwenye nyumba halisi alikuwa safarini na hakuwa anauza hata tofali, na alichokipata kaka yetu katika sakata lile ni kazi moja, aliporudi huyo mwenye nyumba, ya kumwandikia ukutani NYUMBA HII HAIUZWI.

Miaka yote hiyo alikuwa mpangaji katika nyumba hii mliyokaa, tangu tarehe 1 Februari 1995, yeye na wake katika vyumba vya uani, na Bibi mwenye nyumba, Mungu amrehemu, katika vyumba vya mbele, na Bibi alimpenda, alimwona akiziba paa bila kutumwa, akawa anamwambia mbele za watu, Mkanda mwanangu, acha kuzurura, hii ndiyo nitakayokuuzia wewe, lakini Bibi hakuandika, na yeye, mtu aliyeishi kwa kuandika, aliona aibu kumwambia mama mtu mzima naomba tuandikiane, na hapo familia yote tulimlaumu, na tunamlaumu hata leo.

Bibi alifariki tarehe 30 Juni 2021, akaacha watoto wawili, binti yake mkubwa, ambaye ni mwalimu hapa mjini, na mdogo wake wa kiume, ambaye kazi yake ni ya mbali, na huyu wa kiume akasema ahadi ya mdomo hailiwi, nyumba iuzwe kwa atakayefika bei, akaagiza kwa simu itafutwe fundi wa kuandika ukutani, na fundi aliyepatikana, kwa kuwa mji huu una watu wengi lakini una fundi mmoja, akawa mpangaji mwenyewe.

Tarehe 11 Oktoba 2021, Jumatatu, akatoa ngazi yake chini ya paa alilokuwa ameliziba kwa mikono yake, akaandika INAUZWA kwenye ukuta wa nyumba aliyokaa miaka ishirini na sita, na chini yake namba ya simu ya mwana wa Bibi, tarakimu moja moja, nzuri, zimenyooka, na shemeji yetu alikuwa mlangoni anatazama, akamwuliza mume wangu wewe una moyo gani.

Sasa ndugu zangu, mtaa ule wa pili nyumba zilikuwa zinakwenda kwa siku tatu, rangi haijakauka mtu ameshahama na kitanda, lakini hii ilikaa miezi karibu minane bila simu hata moja kumfikia mwenye nayo, kwa sababu waliopiga namba ile walipokelewa na muuza miwani mmoja wa upande wa pili wa mji, ambaye mwanzoni alijibu kwa adabu na mwishoni akawa anafoka, mimi siuzi nyumba, nauza miwani, na wewe unaihitaji, na waliokuja kugonga hapa kulalamika walijibiwa na Fundi Mkanda kwamba yeye ni mpangaji tu, wapige namba iliyo ukutani, na mwana wa Bibi huko aliko akachoka kusubiri, akasema nyumba hii ina mkosi, apewe huyo huyo mpangaji kwa anachoweza, na tarehe 2 Juni 2022 mkataba ukatiwa saini mbele ya mwanasheria, na tarehe 15 Desemba hati ikatoka yenye jina lake, jina lake halisi, ambalo karani alilisoma mara mbili na hakuna aliyeitika.

Tulidhani atacheka, atacheza, atapaka nyumba rangi mpya, lakini wapi, aligeuka mtu wa kununa, akakataa maandishi ya INAUZWA kufutwa, mwenye nyumba anaishi nyuma ya tangazo la kuiuza, madalali wakawa wanabisha hodi asubuhi na jioni, shemeji yetu akatishia kuyafuta mwenyewe kwa ufagio wa chuma, na mdogo wake huyu anayewasomea akamwambia maneno makali ambayo leo anayajutia, kwamba umelilia nyumba miaka thelathini, umeipata, na sasa unatununia sisi.

Januari 2023 mkono wa kulia ulianza kutetemeka, ikafuata kichwa, na mwezi Machi madaktari wakaona uvimbe kwenye ubongo, akalazwa, akatoka, akalazwa tena, na tarehe 28 Julai, akiwa wodini, alimwita mdogo wake na kumweleza lililokuwa linamla, kwamba siku ile ya kuandika, namba ya sita ya simu ile ilikuwa saba, na kwa mara ya kwanza tangu darasa la nne hakuifunga mkanda, alisahau tu, mawazo yalikuwa mengi, akakumbuka akiwa ameshashuka ngazi nusu, brashi iko mkononi na rangi imo, akasimama, akaitazama, akajua kwamba katika mji mzima hakuna atakayeisoma saba yake isiyo na mkanda kuwa saba, wataisoma moja, naye akamalizia kushuka.

Mdogo wake alimwambia, kaka, huo ni ugonjwa, ulikuwa umeanza kukulegeza mkono na hukujua, naye akasema mkono siku ile ulikuwa mzima, mdogo wake akamwambia basi funika kombe mwanaharamu apite, hati unayo, naye akasema hati anayo ila usingizi hana, na akaagiza kwamba jambo hili lisomwe siku hii, mbele ya watoto wa Bibi, lisomwe kama lilivyo, wao ndio waamue kama atatokea kwake au kwa watu, na alifariki tarehe 9 Agosti 2023, Jumatano, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano, kabla hajapata jibu.

Jibu limekuja jana, ndugu zangu, na ndilo linalomuuma msomaji kuliko msiba wenyewe, kwa sababu tuliona si heshima kumshtukiza mtu mbele ya umati, tukamwita binti wa Bibi pembeni tukamsomea sehemu hii, naye akasikiliza mpaka mwisho, akaenda ukutani, akaweka kidole kwenye ile tarakimu ya sita, akasema aliiona siku ile ile, rangi mbichi, alipopita kutoka shuleni, kwani namba ya mdogo wake anaijua kwa moyo, alitaka kugonga aseme, akakumbuka ahadi ya mama yake, akapita, na miezi yote minane alipoulizwa na mdogo wake mbona simu hazipigwi, alimjibu labda soko limelala, na ameomba lisomwe leo, na huyo mdogo wake, aliyekaa pale safu ya pili, amekwisha kuambiwa, ametununia, ana haki yake, lakini amekaa.

Yaani kaka yetu na binti wa Bibi walikaa mji mmoja, wakasalimiana kila Jumapili, kila mmoja amebeba upande wake wa mzigo ule ule, huyu akimkwepa yule macho, na sisi tukidhani ni kiburi cha kumiliki nyumba, neno moja tu lingetosha, na halikusemwa, jamani, kwa nini watu hatusemi?

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia na kuvumilia ukali wa wasimamizi wake, inawashukuru majirani waliotoa viti, ingawa safari hii vyetu vilitosha kwa sehemu kubwa, inawashukuru wapishi wenzake shemeji na mafundi wa karakana, na inamwomba radhi muuza miwani, ambaye amefika, na ambaye amesema na yeye angependa kuuona ukuta.

Utazame basi, ndugu yetu, utauona tofauti, kwa sababu leo asubuhi binti wa marehemu alipanda ngazi ya baba yake, akafuta NA akaandika ME, kisha akashuka hatua mbili, akasimama kidogo, akapanda tena, akaifunga ile saba mkanda.

Pumzika kwa amani, kaka, umetokea kwako.