Mama Mbweha wa Ijara

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, Garissa mjini, Ijara, Hulugho, mpaka kule Kutulo ambako betri za redio huanikwa juani zipate nguvu, asalaam aleikum. Ni mimi Saynab Kerrow. Leo msitarajie sauti tamu. Nina huzuni na nina hasira, na vyote viwili mtavisikia.

Tunamkumbuka Abshiro. Abshiro wa Ijara, mke wa Salah, mama yake Ruweyda. Wengi wenu hamlijui jina hilo. Lakini nikisema Mama Mbweha, najua kuna mtu mahali fulani ameweka kikombe chini. Ndiye huyo. Abshiro alifariki wiki iliyopita baada ya kuugua kifua kwa muda mrefu. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Kwa nini aliitwa Mama Mbweha? Nieleze polepole, maana wapo wasikilizaji waliotoka bara, walimu na maaskari, ambao hawalijui jambo hili. Huku kwetu mtoto mchanga akiharisha na kushikwa na homa, akina mama wazee humfungua mdomo. Wakiona vinundu vyeupe kwenye ufizi, husema hayo ni meno ya mbweha. Mbweha yumo ndani, anamla mtoto. Basi ni lazima yang'olewe. Huchukuliwa spoki ya baiskeli, ikapashwa moto, ufizi ukachimbuliwa. Na mtoto mwenyewe hata kukaa hajajua.

Narudia kwa aliyewasha redio sasa hivi. Spoki ya baiskeli, ndani ya mdomo wa mtoto anayenyonya.

Abshiro alikuwa na mtoto wa kwanza, Abdisalam. Alichimbuliwa ufizi mwaka wa 1989. Alikuwa akiharisha. Baada ya spoki mdomo ulivimba, akashindwa kunyonya. Mtoto anayeharisha na hanyonyi, mwajua wenyewe anakoelekea. Abshiro alibaki na maziwa yamejaa kifuani na wa kuyanyonya hayupo. Watu wakamwambia mbweha alikuwa ameshakula sana, spoki ilichelewa. Alikuwa msichana tu, na wazee walikuwa wameshasema.

Mwaka uliofuata akamzaa Ruweyda. Naye Ruweyda, kabla hajajua kukaa, akaanza kuharisha. Homa ikapanda. Baba yake, Salah, alikuwa mbali na ngamia, upande wa Hulugho. Nyumbani alikuwepo mama mkwe, Ayeyo Kaaha, na Ayeyo Kaaha akamwita Maka.

Maka ndiye aliyekuwa bingwa wa kazi hiyo. Alifika asubuhi, spoki yake imefungwa kwenye kitambaa safi. Tusimsingizie. Alikuwa mama msafi, mwenye huruma, aliyekuja kuokoa mtoto. Makaa yalikuwa tayari. Majirani wamejaa. Abshiro akamkumbatia mwanawe, akasema, "Edo Maka, kabla ya wangu, mfungue mdomo Bare."

Bare alikuwa mtoto wa jirani yao, Fowsiya. Rika moja na Ruweyda. Mnene, mapaja yamejikunja, anamchekea kila mtu. Hajaumwa hata siku moja. Fowsiya alisita, kisha akamshika kidevu mwanawe mwenyewe. Akina mama wakainama kutazama. Vinundu vyeupe, palepale, sawasawa na vya Ruweyda.

Maka akafikiri kidogo, akasema, "Mbweha wa huyu bado amelala."

Abshiro akajibu, "Basi na wangu mwacheni alale."

Akampachika mtoto mgongoni, akatoka. Ayeyo Kaaha yupo hai, na nilimkuta nyumbani kwake akipokea watu wa matanga. Nilimuuliza yeye alisema nini asubuhi ile. Hakunificha. Msikilizeni mwenyewe: "Mimi nilikasirika sana. Nilimwambia, ukitoka na mutoto, na mutoto akufe huko, hapa usirudi. Salah atapata bibi ingine. Wallahi nilisema hivyo."

Sasa jiwekeni mahali pake. Ameshazika mmoja. Huyu wa pili akifa, hana mtoto, hana nyumba, hana mume, na kila mtu atasema ni yeye aliyemuua kwa ukaidi. Kwa maneno hayo mgongoni pamoja na mtoto, Abshiro alitembea mpaka zahanati. Jua la huku mnalijua.

Zahanati alimkuta Sista Kanana, muuguzi mwenyeji wa Meru. Sista alipoambiwa habari ya spoki, akaanza kufoka kwamba nyinyi watu wa huku mnaua watoto kwa ujinga. Abshiro Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini siku hiyo kilimtosha. Alimwambia, "Sista, mama ya bwana yangu si mujinga. Anapenda huyu mutoto kuliko wewe. Wacha matusi, nionyeshe dawa."

Haya ameniambia Sista Kanana mwenyewe, kwa simu, na alikuwa akilia. Anasema maneno yale hakuyarudia tena kwa mama yeyote. Akampa mtoto dawa ya homa. Akamwonyesha Abshiro maji yaliyochemshwa, sukari na chumvi kwa kipimo, kijiko kwa kijiko, na titi bila kukatiza. Na Ruweyda aliweza kunyonya, kwa sababu mdomo wake ulikuwa mzima. Hilo naomba mlishike. Mdomo wake ulikuwa mzima.

Homa ilishuka. Abshiro akarudi nyumbani bila kuitwa. Ayeyo Kaaha anasema: "Aliniwekea mutoto mikononi. Nilimfungua mudomo, nikaangalia. Mbweha ilikuwa bado iko, na mutoto anacheka."

Tangu hapo Abshiro hakutulia. Mama aliyejifungua akitimiza siku arubaini, nyumba ikijaa wageni na nyama, Abshiro huyo mlangoni. Anamchukua mtoto mzima wa afya, anamfungua mdomo mbele ya wote, anauliza, "Haya, nionyesheni mbweha." Walimfukuza. Walimwita mchawi. Kuna nyumba alimwagiwa chai, akaifuta, akaomba nyingine. Mvua ya Elnino ilipokata barabara alipita kwenye matope na viatu mkononi. Maka mwenyewe hakuacha spoki yake mpaka macho yalipomkataa. Walikutana kwenye sherehe zile zile, wakabishana mpaka birika likaisha.

Nimeletewa ujumbe nisitangaze haya. Eti naanika aibu yetu mbele ya watu wa bara. Basi nijibu hapa hapa. Mama kupumzika siku arubaini, asiguse kuni, alishwe na aimbiwe, hiyo ni mila yetu na naipenda. Atakayeigusa atanikuta. Lakini spoki ilikuja na baiskeli, na baiskeli haikuzaliwa Ijara. Msiniambie naua mila. Abdisalam ndiye aliyekufa, na yeye pia alikuwa wetu.

Kwa Salah, kwa Ayeyo Kaaha, kwa Ruweyda na wadogo zake, pokeeni pole zetu sote. Mwenyezi Mungu amrehemu Abshiro, amkutanishe na mwanawe. Nanyi wasikilizaji wapendwa, nawaomba jambo moja. Leo, kabla mtoto wa nyumbani hajaumwa, angali anacheka, mfungueni mdomo mtazame. Mkiviona vile vinundu, mkae mfikiri.

Nilimuuliza Ruweyda kama ana neno la kumsemea mama yake, Hoyo kama anavyomwita. Ana miaka tisa sasa. Alipanua mdomo kwanza, akasahau kwamba redio haioni. Kwa hiyo nawaambia mimi: pembeni kuna pengo. Kisha akasema hivi.

"Jino ya mbweha ilitoka Ramadhani, tukifuturu. Ilitoka yenyewe, hakuna mtu alishika. Hoyo aliiosha na maji, akaiangalia sana, akasema, hii ni jino tu. Sasa ingine inaota hapo hapo."