Ukili Shingoni mwa Chupa: Miaka Thelathini ya Mzee Fakihi Likwata Dirishani

Tarehe 30 Juni 1978, saa tisa na nusu alasiri, Mzee Fakihi Likwata atafunga dirisha la dawa la Kituo cha Afya Mkungumanga na kumkabidhi mganga mfawidhi funguo. Atakuwa ametumikia miaka thelathini na miezi minne. Katika muda huo amechelewa kazini mara moja tu, siku aliyooa, na hata siku hiyo alifika.

Aliajiriwa Machi mosi 1948, akitokea kwao Milola, kwa kazi ya kuosha chupa. Zahanati yetu wakati ule ilikuwa vyumba viwili na kibaraza. Aliosha chupa kwa miaka minne, mpaka mtoa dawa wa zamani akagundua kuwa kijana huyu anajua kila dawa ilipo kuliko yeye mwenyewe. Akapelekwa kozi, akarudi na cheti na koti jeupe. Koti lile halikukaa jeupe hata wiki. Ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda ililowanisha mfuko wa kushoto, na tangu hapo watu wa Sudi wanamwita Mzee Zambarau. Amebadilisha makoti sita, na yote yana doa mahali palepale.

Wageni wakija, huwaonyesha stoo kama mtu anayeonyesha nyumba aliyoijenga mwenyewe. Ipo mizani ya shaba ya kupimia unga wa kwinini, na mawe yake madogo, la mwisho halifiki ukubwa wa punje ya mtama. Upo ubao wenye mifereji wa kuviringishia vidonge, wa enzi zile vidonge vikitengenezwa kwa mkono. Kipo kinu cha kaure ambacho mchi wake ulivunjika mwaka wa Uhuru, naye akauchongea mpini wa mpingo. Na zipo chupa tatu za buluu zenye matuta ubavuni, zilizobaki kati ya mamia. Wakati wa Mwingereza, sumu na dawa za kupaka zilitiwa humo, ili mkono ukiishika chupa ujue kabla ya jicho kwamba hii hainywewi. Utasimuliwa hayo utake usitake, nawe ukitazama saa, utasimuliwa upya.

Chupa za kawaida hazikutosha kamwe, kwa hiyo sheria ya dirisha lake ni moja na kila mtu anaijua: njoo na chupa yako, na iwe safi. Shikamoo yako ataiitikia marahaba, ila macho yake yamo kwenye chupa. Ataiinua juani, ataizungusha, kisha ataitia pua. Chupa ya mafuta ya taa hairudishwi mlangoni tu, inarudishwa na mhadhara. Hata bwana afya wetu mwenyewe aliwahi kurudishwa nyumbani na chupa yake mbele ya foleni nzima. Mara moja tu pua ile ilimsaliti, alipokuwa na mafua. Mtu wa Milola alileta chupa iliyokuwa na asali chini, akatiliwa dawa ya kikohozi. Loo! Wiki iliyofuata nusu ya Milola walikuwa wanakohoa hapa kibarazani, wote wakitaka ile tamu.

Sasa tufike mwaka 1962, maana bila mwaka huo hadithi ya mzee huyu haisemeki. Yeye mwenyewe humweleza kila mfanyakazi mpya siku ya kwanza, wala hajipunguzii kosa.

Zile chupa za buluu zilikuwa zimekwisha na nyingine hazijafika. Akaja mama mmoja kutoka Sudi na chupa mbili za marashi, zinazofanana kama mapacha, alizopewa dukani kwa Bwana Gulamabbas. Moja ilikuwa ya dawa ya tumbo ya binti yake wa miaka sita. Nyingine ya dawa ya kuchua nyonga ya bibi. Zote mbili ni nyeupe kama tui. Mzee Fakihi akabandika lebo, na kwa kuwa mama hajui kusoma, akampa kwa utaratibu aliouzoea: ya mkono wa kulia ni ya kunywa, mtoto akishakula, ya mkono wa kushoto ni ya kuchua. Mama akaitikia vizuri, akarudia maneno yote bila kukosea. Kisha akazitia zote mbili katika kikapu kimoja, akakitia kichwani, akawahi lori la kwenda Sudi.

Mzee Fakihi alimwona kwa macho yake akizitia kikapuni, akaendelea kuhudumia foleni. Wagonjwa wanne baadaye ndipo lilipomjia: ndani ya kikapu hakuna kulia wala kushoto. Na mvua ilikuwa imeanza, lebo haziwezi kupona. Ile ya kuchua ina mafuta ya tapentaini, na mtoto wa miaka sita hahitaji nyingi ili imdhuru. Akaliacha dirisha wazi, jambo ambalo hajalirudia tena, akakimbia dukani kwa Bwana Gulamabbas na kuchukua baiskeli iliyoegemea ukutani. Kuomba aliomba akiwa tayari juu yake.

Maili kumi na moja za tope. Alipofika, bibi alikuwa amekwisha kuchuliwa nyonga na dawa ya tumbo, na analalamika kwamba serikali siku hizi inawapa watu tui. Kijiko cha dawa ya kuchua kilikuwa kimejazwa, kinamsubiri mtoto amalize kula. Mtoto amekataa kula. Amekaza mdomo, anatishiwa, anabembelezwa, hataki. Mzee Fakihi akaingia bila hodi mpaka uani, akakipiga kijiko kikaruka. Kisha mtu mzima yule akakaa chini kwenye matope akalia.

Mama wa mtoto alisamehe lile la dawa siku ileile. La kuingia bila hodi lilimchukua miaka miwili. Nayajua haya kwa sababu ni mama yangu, na mtoto mkaidi yule ndiye mimi ninayeandika.

Mzee Fakihi aliporudi nyumbani siku ile alimkuta mkewe, Bi Somoe, anasuka ukili, ule msuko mwembamba wa ukindu unaoshonwa ukawa mkeka. Akamwomba kipande cha shibiri moja. Akakichemsha, akakianika, na kesho yake akakifunga shingoni mwa chupa ya kwanza ya dawa ya kuchua kwa fundo ambalo halifunguki kwa bahati mbaya. Tangu siku hiyo wagonjwa wote wakafundishwa jambo moja: yenye ukili haiendi mdomoni. Haihitaji kusoma wala taa, kidole gumba kinatosha. Vikongwe walilielewa haraka kuliko makarani.

Vijiji vya ujamaa vilipoanza na watu wakasogezwa pamoja, dirisha lake lilipata foleni mara tatu ya ile ya zamani. Akina mama wa kikundi cha ususi wakajitolea kumletea ukili kwa mafungu kila mwezi, nao wakashindana nani kasuka vizuri zaidi. Ilifika mahali watu wenye nyonga nzima wanataka kuchuliwa ili wapate chupa yenye ukili wa rangi. Miaka kumi na sita sasa, na hakuna hata mtu mmoja wa eneo letu aliyekunywa dawa ya kuchua. Mafanikio mengine ya mzee huyu yana vyeti ukutani. Hili halina cheti, na ndilo kubwa.

Mwaka jana alikuja mkaguzi, mtu makini na asiye na ubaya. Akauona ukili, akauliza. Akasema kamba hukusanya vumbi, na kwamba elimu ya watu wazima imefika kila kijiji, watu sasa wanasoma lebo, hivyo ukili hauna kazi. Mzee Fakihi akamjibu kwa upole kwamba yeye amefurahi sana watu kujua kusoma, ila hajaona bado lebo inayosomeka ikilowa. Mkaguzi akatabasamu, akaandika. Barua ikaja: mzee aachiwe amalize nao, lakini kuanzia Julai mosi 1978 ukili usifungwe tena.

Mzee Fakihi aliisoma barua hiyo dirishani, akaikunja, akaitia mfuko wa zambarau. Alifunga ukili siku nzima kama kawaida, nami niliumia kumtazama.

Nilirudi hapa kutoka kozi miaka miwili iliyopita, nikawa msaidizi wake. Alinipa siku ya kwanza kuosha chupa. Nilinuna, jamani, na cheti changu! Ya pili pia chupa. Mwezi mzima chupa.

Jumatatu iliyopita alikuwa kwenye likizo yake ya mwisho. Nikainua kichwa, nikamwona amesimama kwenye foleni, kavaa kanzu, chupa mbili mkononi. Magoti yamechoka kusimama, na tumbo linamsumbua. Mganga ameandika dawa mbili, nyeupe zote mbili. Nilizinusa chupa zake na foleni ikacheka, yeye akiwa wa kwanza. Zilikuwa safi kabisa. Nikajaza, nikabandika lebo, nikamsukumia.

Lebo hakuzitazama. Kumbe ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na alikuwa ametuficha. Alipitisha kidole gumba kwenye shingo ya chupa ya kwanza, tupu. Akapitisha kwenye ya pili, akakuta ukili, fundo lake mwenyewe nililolifunga mimi. Akakaa nao kidogo pale chini ya kidole. Kisha akaitia moja mfuko huu na nyingine mfuko ule, akanipa mkono, akaenda nyumbani peke yake.

Jioni ile niliandika barua kwa mkaguzi, nikaambatanisha ukili wa shibiri moja uliochemshwa. Nimemweleza kwa heshima kwamba Julai mosi nitaendelea kufunga, tutachemsha kila kipande, na kama kuna adhabu niandikiwe mimi. Mganga mfawidhi ameisoma, akavua miwani, akasaini chini ya jina langu.

Mzee Fakihi, kwa niaba ya wenzako wote wa Mkungumanga, asante kwa miaka thelathini, na kwa maili kumi na moja. Mungu akupe afya, wewe na Bi Somoe, na mikorosho yenu ya Milola izae. Dawa ikiisha, njoo. Uje na chupa, na uioshe.

Tawakali Ismaili
Mtoa dawa msaidizi