Spika Iliyokataa Kuolewa na Friji

Inatangazwa kwa wafanyakazi wote, kwa masikitiko yanayostahili, kwamba kuanzia tarehe 30 Juni kile kiti cha ofisi chenye magurudumu yasiyolia, kilicho kando ya dirisha la chumba cha majaribio, kitakuwa wazi. Mwandishi wa mistari hii amekimezea mate tangu nywele zake zilipokuwa bado zinahitaji kitana. Siku hiyohiyo, mwenye kiti naye anastaafu, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi katika kiwanda chetu cha spika.

Mwenye kiti ni mkuu wetu wa sauti, ambaye hapa kila mtu humwita Bi Masikio. Alianzia kwenye meza za kuunga nyaya, enzi hizo spika moja ikibebwa na wanaume wawili na mmoja wa kuwashauri. Akapanda hadi kukiongoza chumba cha majaribio, na tangu hapo hakuna spika iliyotoka getini bila yeye kuisikiliza akiwa amefumba macho. Akifumbua jicho moja, kuna kasoro. Akifumbua yote mawili, kuna mtu anarudi mezani kwake kimya kimya. Mara nyingi mtu huyo nilikuwa mimi, msimamizi wa saketi na programu.

Namwonea wivu, na sioni sababu ya kuuficha leo. Yeye husikia skrubu iliyolegea akiwa bado koridoni. Mimi mke wangu huniita mara tatu kutoka jikoni, ya nne anakuja mwenyewe. Yeye akipata mafua, ofisi nzima hubeba malimau. Mimi nilipovunjika mguu, nililetewa fomu za kusaini. Hata mlinzi wa getini, ambaye begi langu hulikagua hadi mifuko ya ndani, la kwake humbebea.

Kubwa alilotuachia ni utaratibu wa kupeleka spika ukweni. Kila toleo jipya, kabla ya kupitishwa, hukaa wiki moja nyumbani kwa mfanyakazi, kwa zamu. Yeye husema chumba cha majaribio ni kinafiki: hakina watoto, hakina sufuria zinazoanguka, wala shangazi anayeongea juu ya taarifa ya habari. Spika inayovumilia shangazi ndiyo ya kuuzwa.

Utaratibu huo ndio uliokuja kumnasa mwenyewe. Miaka mitatu iliyopita uongozi ulituuliza kama spika zetu zisizo na waya zijiunge na kiwango cha pamoja, yaani ile lugha moja inayoziwezesha taa, kufuli, friji na spika za viwanda tofauti kuelewana ndani ya nyumba. Mimi nilisema zijiunge. Wenye maduka walikuwa wameshatuambia kwamba spika isiyoelewana na vifaa vingine hawataiagiza tena, na meza mbili za kuunga nyaya zilikuwa zimefunikwa turubai. Nilisema spika yetu inakaa sebuleni kwa watu kama mgeni asiyejua lugha ya wenyeji: inatabasamu tu.

Bi Masikio alipinga, na akipinga huwa habakizi. Kazi ya spika ni kuimba, alisema, siyo kulinda geti. Viwango hubadilika kama mitindo ya magauni, na spika nzuri huishi miaka ishirini. Mtandao ukikatika tutaimba wenyewe? Kisha, mbele ya mkurugenzi, akasema mwenzetu huyu anataka spika iolewe na friji, na wakigombana usuluhishi utakuwa wa nani. Watu walicheka mpaka kikao kikaahirishwa. Kwa mwaka mzima kila nikipita koridoni niliulizwa mahari imefikia wapi.

Mwishowe mkurugenzi aliamua tuijaribu spika ya washindani wetu, iliyokwisha kujiunga na kiwango hicho. Nayo ikaenda ukweni kama nyingine, na zamu ilikuwa ya Bi Masikio. Akaibeba kama mtu anayebeba mtoto wa jirani aliyelowa, akiahidi kuja na orodha ya aibu zake.

Wiki ilipoisha, alisimama kikaoni akasema spika zetu zijiunge. Aliweka masharti mawili. La kwanza, tundu la waya libaki nyuma, ili mtandao ukikatika muziki usikatike. La pili, spika yetu isiseme neno. Ikipewa amri ijibu kwa mlio mfupi tu. Uongozi ulisimama kumpigia makofi. Yale niliyoyasema mwaka mzima huku watu wakitazama simu zao, katika kinywa chake yaligeuka hekima. Nilipiga makofi kwa mkono mmoja na nusu.

Turubai ziliondolewa kwenye meza. Maduka yalirudi. Waandishi wa magazeti ya vifaa waliisifu spika yetu kwa kile walichokiita staha: spika pekee isiyopayuka. Bi Masikio alipokea tuzo, mimi nikashika mkoba wake apigwe picha vizuri.

Sasa ukweli wenyewe. Ameniruhusu kuusema, kwa sharti kwamba niandike pia kuwa spika yangu ya kwanza ya majaribio ilimfungulia geti muuza magodoro. Nimeandika.

Shemeji yetu, mumewe, alikuwa dereva wa malori. Tangu apate kiharusi hutembea kwa mkongojo, na kutoka kitini hadi kwenye swichi ya taa kwake ni safari. Ile spika ya washindani ilipofika, katikati ya wiki alikuwa akiwasha taa kwa maneno, na siku moja jirani alipobisha, alimfungulia mlango yeye mwenyewe, akiwa amekaa. Bi Masikio alisimama jikoni na mwiko mkononi, akafuta machozi. Kisha akamsikia mumewe akiiambia ile spika, yenye sauti ya binti mlaini, asante mama. Ikamjibu karibu sana. Yeye anayesikia skrubu iliyolegea akausikia utamu uliokuwa ndani ya ile asante. Kikombe cha chai anachompelekea yeye hakikuwa kimepata asante ya namna hiyo kwa muda mrefu.

Siku ya kuirudisha, Shemeji aliuliza kama yule dada atakuja tena. Bi Masikio aliniambia hayo kwenye ngazi, kisanduku kikiwa kwapani. Alisema mlango ule hawezi kumnyang'anya mumewe. Lakini nyumbani kwake sauti ya mwanamke ni moja, na haitaongezwa. Hekima yote tuliyoipigia makofi ilikuwa hiyo.

Na ule mlio mfupi? Tulimletea kengele, filimbi, matone ya maji. Akafumbua macho yote mawili kwa kila kimoja. Mwishowe aliingia chumba cha kurekodia, akafunga mlango, akaguna: mh. Ndivyo anavyomwitikia mumewe, yeye akiwa jikoni anapika. Wengi wenu mnadhani mguno ule ni wa kompyuta.

Spika ya kwanza niliipeleka kwao mwenyewe. Shemeji akaamuru taa, taa ikawaka, spika ikaguna. Akaitazama kitambo, akageukia jikoni akauliza, mama, umesema? Kutoka jikoni ikaja mh nyingine, ileile. Alicheka mpaka mkongojo ukaanguka. Nikarudi kwangu na wivu mpya, maana mimi sijawahi kugombewa na mtu wala na kifaa.

Siku hizi jioni nikiamuru taa ya sebuleni, Bi Masikio ananikubalia papo hapo, jambo ambalo kazini hakuwahi kulifanya.

Bi Masikio, asante kwa kutusikiliza miaka yote hii. Upumzike kwa afya na furaha, na Shemeji akushukuru kwa kila kikombe. Nami siku nitakayokikalia kiti chako, nitaiwasha spika niiulize kama kimenifaa. Jibu ninalijua.