Shati Lililobaki kwa Mama Pasi

Sogeeni, wanangu, na wewe, binti yangu kifungua mimba, weka simu hiyo chini, hoteli haitaanguka kwa saa moja usipokuwepo. Niinueni kidogo, mto umeteleza, maana ninalotaka kusema halisemwi na mtu aliyelala. Mali nimekwisha kuigawa kwa maandishi, na mdogo wako wakili amehakikisha kila ukurasa umetiwa saini. Sikuwaita kwa hilo. Nimewaita niwape ushahidi, na mjue tangu mwanzo kwamba shahidi mwenyewe ndiye mshtakiwa, basi upimeni kwa mashaka, kama nilivyowafundisha kupima maneno ya wengine.

Mnaijua barua iliyomo kwenye fremu katika ukumbi wa chuo changu cha hoteli, chuo ambacho watu husema nilikijenga ili kurudisha kwa jamii, wala hawaulizi nilichukua nini. Iliandikwa na binti wa mgeni mzee aliyefariki ghorofa ya tatu, akimshukuru, kama daktari alivyomweleza, mfanyakazi wetu aliyemshika baba yake mkono asubuhi nzima ili asife peke yake. Mmenisikia nikiisimulia kwenye mahafali, mmenisikia kwenye harusi zenu, na wewe kitinda mimba, kabla hujawa wakili, uliiandikia insha shuleni ukapewa zawadi. Mkono ule haukuwa wangu.

Ulikuwa wa mwanamke wa chumba cha kufulia, tuliyemwita Mama Pasi. Siku hizo nilikuwa meneja mpya, nimesomea sheria nikaiacha, na kanuni zangu nilizipenda kuliko watu zilizowahusu: wa kufulia alivaa kijivu, alipita ngazi za nyuma, na ghorofa za wageni hakuzikanyaga. Asubuhi ile mhudumu wa vyumba hakufika, Mama Pasi akapandisha mwenyewe shati la mgeni, akamkuta mzee ameanguka kando ya kitanda. Akapaza sauti daktari aitwe, akaketi naye sakafuni. Huku chini vitambaa vya meza vya karamu kubwa ya mchana vikabaki na makunyanzi. Nilifika mlangoni karibu na adhuhuri, nyuma ya daktari aliyechelewa, mzee amekwisha kukata roho, Mama Pasi angali ameushika mkono uliopoa. Na jambo la kwanza nililoliona, Mungu anisamehe, lilikuwa sare ya kijivu juu ya zulia la wageni.

Nilimwita ofisini siku ileile. Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba nilimfukuza bila kujua alilofanya. Dai hilo nimelipima na halisimami, maana alinieleza mwenyewe, na namkumbuka alivyosimama, mikono nyuma.

"Bosi, niliacha vitambaa, sikuacha mtu. Vitambaa vingenisubiri."

"Hilo silo lililo mezani," nikamwambia.

"Mezani hakuna kitu, bosi, ndiyo maana umenuna," akasema, na karani wangu akageukia ukutani acheke.

Nikatia saini. Wiki mbili baadaye barua ikaja, haina jina la mtu, na mwenye hoteli akaniuliza kwa furaha ni nani huyo. Nikajibu, "Nilikuwepo." Basi. Na ni kweli nilikuwepo, mlangoni. Mengine aliyaongeza yeye, mimi sikumsahihisha, akanipandisha cheo. Ndivyo ulivyo uongo wa mtu aliyesomea sheria, hausemi kitu, hunyamaza mahali pake. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika miaka thelathini na sita, na imetiwa lami.

Nipeni maji. Asante, mama, binti yangu. Taratibu.

Kuna jingine, nalo ndilo linalonivua nguo. Miaka kumi na miwili iliyopita nilimwona tena, anapiga pasi nguo za watu katika kibanda karibu na stendi, kwa pasi ya mkaa. Badala ya kushuka, nikamtuma dereva ampelekee mashati yangu, nami nikabaki garini, vioo juu. Na hivyo kila wiki, hadi juzi. Mashati mliyokuwa mkiyasifu, mkidhani ni kazi ya hoteli, ni ya mkono wake. Nilijidai kwamba ndivyo ninavyomsaidia. Upuuzi. Nilikuwa nahudumiwa naye mara ya pili. Kisha, wiki moja kabla sijaanguka, dereva akarudi na ujumbe, akasita, nikamlazimisha autoe: "Mwambie huyo asiyeshuka garini kwamba kola zake nazijua tangu alipokuwa na mashati mawili. Mwambie pasi yangu haiunguzi mtu. Ashuke."

Alijua, wanangu. Alijua akaendelea kunyoosha. Kama ni kwa huruma au kwa dharau, sina ushahidi, nanyi msimsemee. Nikamwambia dereva, "Twende."

Basi shikeni haya. Iteremsheni barua ile leo, mchana ungali mrefu, msingoje nife, kwa kuwa aibu ya maiti hubebwa na wengine. Mpelekeeni, ni yake. Nendeni nyote wawili, kwa miguu. Msitangulize bahasha, wala msimtangazie kwamba chuo kitaitwa kwa jina lake. Muulizeni anataka nini, kisha nyamazeni. Akiwatukana, pokeeni. Akicheka, msiwe wa kwanza kucheka naye. Na wewe, binti yangu, simama mbele ya wanafunzi wa chuo uwaambie kama nilivyowaambia, usipunguze chumvi. Wewe wakili, nakuona nyusi hizo, umeshaanza kupanga utetezi. Usinitetee.

Shati langu moja jeupe... limebaki kwake. Msiliulize. Akilitoa mwenyewe, leteni. Akilizuia, ni haki yake.

Pumzi imekuwa fupi. Nipeni mikono. Wote wawili... siyo hivyo, shikeni kwa chini, kiganja juu ya kiganja. Hivi. Hivi ndivyo alivyomshika. Niliona, nilikuwa mlangoni.

Mola awape kazi isiyowatia haya. Awape macho ya kuona mtu kabla ya sare. Awape... miguu ya kushuka.

Dereva yuko nje? Mwambieni apumzike. Mnakwenda kwa miguu.