Jongoo Chini ya Benchi

Benchi la mbele ya kinyozi lina miguu mitatu na tofali, na anayekalia upande wa tofali ndiye mwenye hoja. Leo alikuwa Fundi Pindo, mshonaji. Binti yake anayesomea fizikia chuoni anarudi likizo leo hii. Likizo iliyopita alimweleza baba habari za elektroni, baba akasinzia. Tangu hapo, kwenye simu ni salamu tu. Roho inamuuma Fundi. Safari hii lazima aelewe.

— Alisema elektroni husafiri kama fungu la mawimbi, Fundi akaanza. Vilele vyake vinakimbia kuliko mwanga, lakini fungu lenyewe, ambalo ndilo elektroni, linakwenda mdogo mdogo. Mtu anaachwaje na mawimbi yake mwenyewe?

— Rahisi! akasema Breki, dereva wa teksi. Nikiwa foleni, honi yangu inafika nyumbani kabla yangu.

— Honi inabeba ujumbe, Fundi akapinga. Vilele havibebi hata salamu.

— Basi ni Breki mtupu, akadakia Wembe, kinyozi. Maneno yanaupita mwanga, abiria hafiki!

— Mgema akisifiwa tembo hulitia maji! Breki akafoka, methali isiyohusu lolote.

— Sikilizeni, Wembe akapandisha sauti. Vilele vinatangulia kesho kukagua usalama. Mvi ni nini? Ni uzee uliotanguliza vilele!

Mama Birika, muuza kahawa, alicheka hadi akamwaga kikombe.

— Inueni miguu nyie, jongoo huyo!

Wote wakainama. Miguu ya jongoo ilipanda na kushuka, mawimbi yakikimbia kutoka mkiani hadi kichwani, moja likiisha jingine linaanza, na mwenyewe wala hana haraka. Fundi akapiga magoti vumbini, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni.

— Ndiye! Jamani, ndiye! Mawimbi yanampita, naye ndiye fungu!

— Twende jongoo! Breki akashangilia.

Hakuna aliyeona begi likitua kando yao.

— Shikamoo baba. Umedondosha sindano?

— Marahaba, mwanangu! Inama uone!

Akaeleza yote kwa pumzi moja, kidole kikimfuata jongoo. Binti akachuchumaa naye, uso umechanua.

— Umepata, baba. Ila kwa jongoo, wimbi ni la miguu. Kwa elektroni, wimbi ni la nini?

Fundi akamtazama Breki. Breki akamtazama Wembe. Wembe akalitazama birika. Mama Birika akalitikisa: tupu.

— Tuambie basi, mwanangu.

— Hata mimi sijui, baba. Wataalamu wenyewe wanabishana mpaka leo. Sogea nikae.

Fundi akamwachia upande wa tofali.