Historia ya Mama Yetu, Aliyewasimamisha Wazee

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nasimama kuwasomea maisha ya mama yetu, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1948, mtoto wa pili wa fundi cherehani, akasoma shule ya msingi mwaka 1956 hadi 1963, sekondari hadi 1967, kisha akahitimu fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, katika chuo cha afya Novemba 1971, ingawa shangazi zake waliamini hadi mwisho kwamba alisomea kukanda watu misuli.

Januari 1972 aliajiriwa wadi ya mifupa, na tarehe 7 Septemba 1974 alifunga ndoa na baba yetu, seremala, aliyemchongea reli mbili za mbao za kushikiliwa na wagonjwa wanaojifunza kutembea, wakajaliwa watoto wanne na wajukuu tisa.

Mwaka 1983 mama yake mzazi alianguka bafuni akavunjika nyonga, upasuaji ukaenda salama, lakini marehemu, ambaye wazee wa watu aliwasimamisha siku ya pili bila simile, wa kwake alimwonea huruma, akamlaza wiki sita, akamlisha na kumwogesha palepale kitandani, mpaka miguu ikaishiwa nguvu, bibi asisimame tena hadi alipofariki Mei 1984. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mama alilia sana. Kosa hilo hakulificha, kila mwaka aliwasimulia wanafunzi waliokuja kujifunza kazi wadini kwake, na hata baada ya kustaafu mwaka 2008 aliwakusanya wazee wa mtaa sebuleni kwetu kila Jumanne, wakiinuka kitini mara kumi bila kushika mikono ya kiti, wakisimama kwa mguu mmoja kando ya sinki, wakimwita Afande na kumsengenya wakiwa njiani kurudi, kwa miguu yao wenyewe.

Tarehe 19 Agosti 2022 yeye naye alivunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji, na aliporudi nyumbani sisi wanawe, tuliolelewa na kisa hicho, tulimtandikia kitanda sebuleni, tukashindana kumlisha, hadi siku ya nne alipousukuma mkono wangu wenye kijiko, akasema, "Msinipende hivyo. Nileteeni kiti." Alisimama akitetemeka, machozi yakimtoka, akahesabu hadi tano, kesho yake hadi nane, na tarehe 5 Novemba alifika getini kwa fremu yake ya kutembelea, akatugombeza kwa kuacha nyasi ziwe ndefu.

Aprili mwaka huu wa 2025 moyo wake ulianza kushindwa, na asubuhi ya tarehe 9 Juni aliomba akalishwe ukingoni mwa kitanda, nyayo zikanyage sakafu, akafariki saa tatu akiwa ameegemea bega la dada yetu.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi waliomkubalia ombi hilo, wenzake wa wadi, majirani, na wazee wa Jumanne, waliokataa kubebwa na gari wakaja hapa wakitembea.

Pumzika kwa amani, Mama, safari hii tumekubali ulale.